Gari Lilale Ndani

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Spidi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya gari lake la spoti, jekundu, la viti viwili, lenye paa la kitambaa linalokunjwa kwa nyuma. Waliompa walikuwa wanamtania, maana kwa miaka mingi tangu lije kwetu hakuna aliyewahi kuliona likikata kona.

Alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anahama, akaambiwa lina kasoro ndogo ya kabureta. Likaja kwetu likisukumwa. Ili liingie, Spidi alibomoa ukuta wa mbele wa chumba cha chini akaweka milango ya mabati, akaniambia ni kwa muda tu. Sisi tunaishi juu, kwenye vyumba vinavyopandiwa kwa ngazi ya nje, nyembamba, isiyo na hata pa kushikilia. Chumba cha chini kilikuwa na sakafu nzuri, bomba la maji na choo chake. Choo nakitaja makusudi.

Simchukii mtu kwa kupenda kitu. Mchana alinyoa watu, jioni alilala chini ya gari, miguu tu nje, nami nikazoea kuongea na soli za viatu vyake. Magari ya namna ile walishaacha kuyatengeneza, vipuri hakuna, kwa hiyo yeye na fundi wake walijitengenezea vya kwao. Gasketi waliikata kwenye boksi la viatu. Pampu ya maji waliitoa kwenye mashine ya kumwagilia bustani. Nati alizihifadhi kwenye makopo ya mafuta ya nywele, na siku alipomaliza kufunga giaboksi, nyingine zikabaki kiganjani. Fundi akazitazama, akasema hizo ni za akiba. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakapanda juu kunywa chai yangu.

Ndipo mama yangu akaanguka, akavunjika nyonga. Mfupa haukuunga vizuri, na ngazi zikawa zimemshinda. Akapelekwa kwa kaka yangu. Nyumba ya kaka haina ngazi, lakini vyumba vyote vimejaa watoto, kwa hiyo mama akapewa kochi la sebuleni. Wifi yangu si mtu mbaya, ila televisheni anaipenda kuliko usingizi. Kila siku mama alikaa wima kwenye kochi lile mpaka tamthilia ziishe na watu watawanyike, ndipo anyooshe mguu. Mimi kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Najua mgongo wa mtu asiyepata pa kulala unavyokuwa. Niliuona nikimwogesha, nikalia na sabuni mkononi.

Nikamwambia mume wangu mama aje akae chumba cha chini. Hakukataa. Laiti angekataa, ningejua pa kuanzia.

"Mama yako si ndiye mama yangu?" alisema. "Gari likiwaka tu, nalitoa, chumba chake. Nikilitoa hivi hivi bovu, watu watalichomoa mpaka matairi."

"Linawaka lini?"

"Limebaki jambo dogo."

Neno dogo nimelichukia. Klachi ilikuwa jambo dogo. Radieta iliyotoboka, jambo dogo. Panya walipotafuna nyaya zote za taa, fundi alisimama pale na tochi mdomoni akasema mbona hili dogo. Nikienda kwa kaka, mama ananiuliza gari limefikia wapi, nami nampa majibu ya fundi kama nilivyopewa. Anaitikia, "Haya mwanangu, mambo ya mashine hayana haraka," halafu anageuza uso ukutani. Siku moja nilipita kinyozini nikamkuta Spidi, wembe mkononi, anamweleza mteja aliyejaa povu kwamba mama mkwe wake analiombea gari lake dua. Na alisema kweli, mama alikuwa anaomba. Nilipita kimya, nisije nikamharibia mteja shavu.

Kisha likawaka. Ilikuwa Jumamosi, nafua, nikasikia mngurumo uliotetemesha masufuria. Moshi ukajaa mtaani, watu wakatoka, na Spidi akapanda ngazi mbio, uso mweusi kwa grisi, machozi yanamtoka.

"Mke wangu, linanguruma! Unasikia?"

Nilimkumbatia na grisi yake. Alipolitoa nje watu walimpigia makofi, nami nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Kabla mngurumo wake haujapotelea mbali, nilikuwa nimeshainama na brashi, nasugua mafuta yaliyoganda sakafuni. Jirani akanisaidia kuingiza kitanda. Nikakodi teksi nikamfuata mama, naye akavaa gauni lake la kutokea, kana kwamba anakwenda harusini.

Sakafu ilikuwa bado ina majimaji, kwa hiyo nilimweka kwenye kiti mlangoni, nikapanda kuchukua godoro. Nilikuwa nalishusha, limenifunika uso, niliposikia gari linarudi. Lilisimama mbele ya magoti ya mama. Spidi akashuka, akainama kwa adabu zote za mkwe.

"Karibu sana mama. Umefika salama?"

"Nimefika, baba. Hongera kwa gari."

"Asante mama." Akatazama mawingu. "Samahani sana, mama. Mvua inakuja na paa linavuja. Naomba usogee kidogo nilipitishe."

"Ulisema likiwaka!" nilipiga kelele ngazini.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hana hila hata chembe. "Si ndiyo limewaka? Limeshapona, nitaliachaje linyeshewe?"

Likiwa bovu halilali nje. Likiwa zima halilali nje. Nilitafuta tusi la kumtosha nikalikosa.

"Mwanangu, usigombane na mumeo," mama alisema, akajiinua kwa mkongojo, akakivuta kiti chake mwenyewe pembeni. Spidi na jirani wakakiegemeza kitanda ukutani, kwa uangalifu mkubwa, kisije kikakwaruza rangi ya gari. Gari likaingia. Matone ya kwanza yakaanza.

Teksi ilikuwa imeshaondoka. Nikaliacha godoro pale pale, nikachuchumaa mbele ya mama, nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi mno. Katikati ya ngazi alinisemesha sikioni, polepole, bila lawama.

"Huko juu nikiingia, sitashuka tena mpaka nije kubebwa mabegani na wanaume."

Nikaendelea kupanda.