Mechi ilifutwa Mpanda, Mratibu akacheka "nendeni mahakamani". Tulienda, na mama ntilie wa Katumba akammaliza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Naandika mtoto kalala, kwa hiyo nikikatika katikati mjue kaamka.

Yote nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyafanya mwenyewe kwa ujinga wangu. Asiyeamini aje Majengo, Mpanda, aulize "yule dada wa spika". Ataletwa mpaka mlangoni.

Jina la mhusika sitaji, mods wasije wakaufuta uzi. Nitamwita Mratibu, maana ndivyo alivyojiandika kwenye mabango.

Mratibu aliandaa mechi ya kirafiki. Kombaini ya Mpanda na timu ya ligi kuu.

Nyie wa Dar hamuwezi kuelewa. Huko kwenu mchezaji wa ligi kuu mnakutana naye sheli anajaza mafuta. Sisi tunawaona kwenye TV ya kibanda umiza, tena kwa kiingilio na umeme ukiwepo. Siku bango lilipobandikwa, mji ulichanganyikiwa.

Sasa mimi nina sauti. Sijisifu, ndiyo niliyopewa. Nikiongea na mume wangu ndani, jirani wa nyumba ya nne anajua tumekosana kwa sababu gani.

Alhamisi Mratibu akanifuata akaniomba nimrekodie tangazo. Malipo hakuna, alisema nitapata jina. Jina nililipata, subirini.

Nikarekodi: "Mkubwa kwa mdogo, Jumamosi usibaki nyumbani! Utasimuliwa na nani?" Ikawekwa kwenye flashi, gari la matangazo likazunguka mji wote kuanzia Ijumaa. Watu walinunua tiketi kwa hii sauti. Hata mimi nilinunua, yangu na ya mama mkwe, ambaye alitoka Sitalike alfajiri amevaa jezi juu ya gauni la kanisani. Hajawahi kuona mechi kubwa maisha yake yote.

Jumamosi saa sita mageti yakafunguliwa. Mlangoni wanachana tiketi, kipande wanabaki nacho, kipande unaingia nacho. Tukakaa juani. Mpaka saa nane nilikuwa nasikia gari huko nje bado linazunguka, sauti yangu inaniita uwanjani na mimi niko uwanjani.

Saa kumi, muda wa mechi, hakuna timu. Saa kumi na moja Mratibu akashika maiki. Mechi imefutwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Mvua imeharibu barabara, timu imekwama njiani, tuwaombee.

Watu wakauliza hela zetu je. Akasema kila mtu ageuze tiketi asome nyuma. Nikageuza. Maandishi ya sisimizi: TIKETI IKISHACHANWA FEDHA HAIRUDISHWI.

Halafu akacheka, wakuu. Kwenye maiki, mji mzima unasikia. Akasema, "Asiyeridhika aende mahakamani. Njia anaijua."

Hapo watu wakafanya kosa ambalo naomba asilirudie mtu yeyote humu. Kwa hasira walichana vile vipande vyao na kuvirusha uwanjani. Nyasi zikawa kama zimemwagiwa bisi. Yaani mtu kadhulumiwa, halafu ushahidi anautupa kwa mkono wake mwenyewe.

Changu kilipona kwa sababu moja tu, kilikuwa mdomoni mwa mwanangu. Ana miezi minane, meno mawili, anakula chochote. Nikakitoa kimelowa, nikakifunga kwenye pindo la kitenge.

Mama mkwe alivua jezi, akaikunja, akarudi Sitalike. Angenitukana ningeona afadhali.

Jumatatu naenda sokoni, watoto wananifuata nyuma: "Mkubwa kwa mdogo, utasimuliwa na naniii!" Muuza nyanya ananihesabia nyanya huku anasema wapo watu wanakula na matapeli, siku hizi wana hadi sauti nzuri. Mimi nina mdomo, nyie mnanisoma mnaona. Siku ile nilichukua nyanya zangu nikaondoka. Wangeniita mwizi wa kuku ningepigana. Ila sauti ilikuwa yangu kweli, ningeikanaje?

Nikatafuta wa kumtupia.

Akapatikana Mama Eliya. Huyu ni mama ntilie pale karibu na stendi, mtu wa Katumba, kwenye yale makazi ya wakimbizi wa zamani, wazazi wake walitoka Burundi kabla hajazaliwa. Wote tulijua ndiye aliyepewa oda ya kuwapikia wageni. Shughuli zote za Mratibu anapika yeye, awe na semina, awe na harusi. Nikasema huyu ndiye mwenzake.

Nikamkuta ana wateja. Nikamwagia yote pale pale. Kwamba amekula hela za maskini, kwamba ameshirikiana na tapeli, na neno moja jingine la "nyie mliokuja" ambalo sitaliandika hapa. Mtoto yuko mgongoni anasikiliza mama yake anavyotukana.

Mama Eliya hakupandisha sauti. Alimaliza kumpakulia mteja, akafuta mikono. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, nimekula nini? Hata kupika aliniambia niache. Mchele uko kwenye ungo, samaki nimeshawapasua."

Nikauliza aliambiwa lini.

"Jumamosi asubuhi. Jua halijawa kali."

Nikamwambia anieleze vizuri.

Samaki wenyewe walikuwa migebuka, walitoka ziwani Kapalamsenga usiku, ndiyo kwanza kamaliza kuwapasua meseji ikaingia. Akatoa kitochi chake, kile kisimu cha tochi mbele. Meseji bado ipo, kwa sababu yeye huwa hafuti, hajui kufuta. Saa mbili na dakika hamsini asubuhi. "Mama acha kupika. Timu haiji leo. Usimwambie mtu."

Saa tatu kasoro alishajua. Saa sita akafungua geti. Saa nane gari bado linaita watu kwa sauti yangu.

Nilikaa chini kwenye benchi lake. Akamchukua mtoto mgongoni mwangu akampa uji, mimi nikawa nalia kama mjinga. Nilimuomba msamaha. Akasema kunywa chai kwanza.

Sasa sheria, maana najua wengine mmefungua uzi kwa ajili ya hiyo. Mimi ni form four tu, naandika nilivyoelezwa na dada mmoja msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Hawa wapo, wanasaidia bure, ulizeni kwenye kata zenu.

Alisema tiketi ni mkataba. Wewe umelipa, yeye ameahidi mechi. Mechi isipokuwepo anatakiwa akurudishie hela au akupe siku nyingine ukiridhia. Hayo maandishi ya nyuma hayampi mtu haki ya kuuza kitu anachojua hakipo. Na ile "nje ya uwezo wetu" inamlinda aliyeshtukizwa. Aliyejua toka asubuhi hajashtukizwa. Akasema ukitaka kumshtaki kwa udanganyifu unaenda polisi, hiyo ni jinai. Ukitaka chako, unafungua madai Mahakama ya Mwanzo, unajieleza kwa Kiswahili chako, karani anakusaidia fomu.

Nikapita nyumba kwa nyumba natafuta wenye vipande vya tiketi. Umati wote ule, waliokuwa tayari kufungua kesi ni saba, na mimi ndani. Wengine walisema sina aibu, niliwaita uwanjani sasa nawaita mahakamani. Mume wangu alisema achana nayo, hela yenyewe ni ya kuku mmoja. Nikamwambia kuku amle yeye, mimi nataka sauti yangu.

Shida ikawa shahidi. Bila Mama Eliya hatuna kitu.

Nilipomuuliza kama atatoa ushahidi, alifunika sufuria kwanza. Akaniambia Mratibu ameshapita kwake. Amesikia tunazungukazunguka. Alimwambia oda za mwaka mzima ziko mikononi mwake, na akaongeza, huku anakula chapati yake ya bure, "Wewe na mahakama wapi na wapi, mama? Uraia wenyewe wa juzi. Utaulizwa mengi kule."

Mimi nikawaka. Yeye hakuwaka. Alisema tu atafikiria, nisimsukume. Nikaondoka nikijua tumeshindwa. Wakuu, ningekuwa yeye nisingeenda. Mtu alikutukana mbele ya wateja wako, leo anataka umpoteze mteja wako mkubwa kwa ajili yake? Ningemwambia nenda na sauti yako.

Siku ya kesi nilimkuta kafika kabla yangu. Kavaa kitenge cha sikukuu, ana mfuko wa nailoni kaukumbatia. Nikafikiri ni chakula. Shahidi anasubiri nje, kwa hiyo nikamwachia mtoto.

Ndani nikaanza mimi. Nikatoa kielelezo, kile kipande changu cha tiketi. Hakimu akakigeuza geuza, akauliza kama kimeliwa na panya. Nikasema, "Kimeliwa na mwanangu, mheshimiwa." Watu wakacheka, hata karani. Mimi sikucheka.

Mratibu akasimama, suti imepigwa pasi. Alieleza mvua, barabara, bahati mbaya, mpaka ungemuonea huruma. Halafu akanigeukia. "Mheshimiwa, huyu dada ndiye aliyeita watu. Sauti ni yake, mji mzima unaijua. Kama ule ni utapeli, basi tapeli wa kwanza ni huyu."

Nyuma yangu nikasikia mtu anasema "kweli".

Akaitwa Mama Eliya. Akaingia na mwanangu mgongoni, akanikabidhi, akasogea mbele. Kabla hajapewa Biblia ya kuapia alifungua ule mfuko. Ndani kuna mfuko mwingine, na mwingine, na mwisho karatasi. Cheti chake cha uraia. Akakiweka mezani, kikiwa kimeelekea upande wa Mratibu.

Hakimu akamwambia kwa upole, "Mama, hicho hakihitajiki hapa. Hapa unahitajika kusema kweli tu."

Akajibu, "Najua, mheshimiwa. Nimekuja nacho akione yeye."

Sijawahi kuona mtu anasema kitu kikubwa kwa sauti ndogo namna ile. Mimi mwenye sauti ya kusikika nyumba ya nne.

Akaapa. Akaeleza samaki, ungo, moto aliouzima. Hakuongeza chumvi hata punje. Kitochi kikapita mezani, hakimu akasoma meseji, akawapa wazee wa baraza wanaoamua kesi pamoja naye wakasoma. Mratibu akasema hakumbuki kutuma. Lakini namba ni ile ile iliyoko kwenye mabango.

Mzee wa baraza mmoja, mama wa makamo, akaniuliza tangazo nilirekodi lini. Alhamisi. Akamgeukia Mratibu, akamuuliza Jumamosi gari lilizimwa saa ngapi.

Akasema saa nane.

Yule mama akasema, "Basi mama wa samaki ulimtumia meseji. Huyu dada wa sauti ulikosa salio la kumtumia?"

Hakuna aliyesema "kweli" tena.

Tulishinda, wakuu. Wote saba turudishiwe, na gharama za kesi juu yake. Hakimu alisoma hukumu akasema mimi nilitangaza nilichoambiwa kipo, na mdaiwa ndiye aliyejua hakipo akaacha watu waendelee kuingia. Nilimuomba karani anipe nakala. Nimeipeleka Sitalike. Mama mkwe kaikunja, kaiweka ndani ya Biblia yake.

Baada ya hapo watu wakaanza kupanga foleni kwa karani. Mratibu kuona hivyo akatangaza mwenyewe kwamba mwenye kipande aje achukue chake. Waliorusha uwanjani wamekosa, na mpaka leo wana hasira na mimi. Sasa mimi ndiye niliyewachania?

Mama Eliya alipoteza oda zote. Hilo lisemwe. Hukumu haikumrudishia, kwa sababu hakuwa mdai. Zile semina wanapika watu wengine, na mwezi wa kwanza alikuwa anabaki na chakula sufuria nzima. Nikimuuliza kama anajuta ananijibu kwa kuniuliza kama mtoto ameshakula.

Mimi huyu mama namheshimu kupita ninavyoweza kuandika. Mimi nilikwenda mahakamani kutafuta jina langu. Yeye alikuwa anapoteza tu, akaenda.

Nilichojifunza: kipande cha tiketi tunza, hata ukiwa umevimba kwa hasira. Piga picha ya bango. Andika muda. Usiogope maandishi ya sisimizi. Na kabla hujamtukana mtu, muulize kwanza, anaweza kuwa ndiye mwenye meseji.

Wanasheria mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe uliyewahi kufutiwa mechi au tamasha ukapotezea, tuambie ulikwama wapi, na kile kipande ulikipeleka wapi.

Kabla mtoto hajaamka, hili la mwisho. Dereva wa lile gari la matangazo na yeye jambo hili lilimkera, maana sauti ilitoka kwenye gari lake. Wiki iliyopita alinizungusha mji mzima bure, kuanzia Majengo mpaka stendi, nikiwa na maiki mkononi, siyo flashi.

Jana nimepita sokoni. Watoto wakanifuata nyuma kama kawaida, nikajikaza.

"Mkubwa kwa mdogo, njoo kwa Mama Eliya! Hapa ukilipa, unakulaaa!"