Aliyeagwa Kabla ya Kibali

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyomkuta kaka yangu Njoroge akipalilia sukuma ya mtu kule Silanga, Kibera, kando ya bwawa, ilhali sisi nyumbani Kawangware tulikuwa tukimwombea kila jioni asiugue kwa baridi ya ng'ambo.

Nilikuwa msichana bado, nimetumwa na mama kununua mboga za kibanda chetu. Njoroge aliinua kichwa, tukatazamana. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa amevaa ile kofia ya sufu niliyomfumia kwa mikono yangu, ya kuvaa kwenye theluji.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo, maana bila hivyo utamlaumu mtu mmoja na kuwasahau wengine. Kuna nchi zinazomruhusu mgeni kuishi kwao akiwekeza kule. Ananunua nyumba au hisa za biashara, anaomba kibali cha ukaazi, kisha anangoja. Mipango hiyo si uongo, na wapo waliofaulu. Marehemu baba alituachia ploti hapo Kawangware, karibu na steji ya matatu iitwayo 56, na mama akakubali nusu yake iuzwe, ile mistari ya vyumba vya kupangisha iliyotazama barabara, ili Njoroge awekeze. Ajenti, kijana wa tai na maneno laini, akasema kibali ni suala la wiki chache tu.

Sasa sikia tulivyokosea sisi watu wa ploti. Kwetu mtu haendi majuu kimya kimya. Lazima aagwe. Hema likasimamishwa, mbuzi wakachinjwa, majirani wakajaa, mchungaji akamwekea mikono. Njoroge alikuwa amesema, "Si tungoje kibali kwanza?" Mjomba akamjibu mbele ya watu wote, "Kijana, hayo ni mashaka yanaongea. Aga watu." Akaaga watu.

Kibali hakikutoka. Kila alipopita stejini aliulizwa, "Njoro wa majuu, kwani ndege imepata pancha?" Wasichana wa saluni walimpungia mkono wa kwaheri akienda dukani kununua maziwa. Utani wenyewe ulikuwa mdogo, lakini mtu akitaniwa asubuhi na jioni huanza kupita nyuma ya nyumba. Mwishowe akatuambia kibali kimetoka, akabeba sanduku, akakataa kusindikizwa hadi uwanja wa ndege. Kumbe alienda kupanga chumba Kibera.

Huku nyumbani mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alikuwa tayari kumpasua. Mama alikataa. "Nitapanda hicho kitanda siku Njoroge atakuwa hapa anishike mkono," alisema, na hakuna aliyeweza kumgeuza. Alitia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Alipapasa ukuta akienda chooni. Alikuwa anamngojea mtu ambaye ningeweza kumfikia kwa miguu kabla githeri haijaiva.

Basi fikiria hasira niliyokuwa nayo pale Silanga.

"Unafanya nini hapa?" nilimuuliza.

"Nangoja."

Akatoa simu, akanionyesha ukurasa wa ile ofisi ya ng'ambo. Neno lilikuwa moja: Inashughulikiwa. "Ajenti anasema imebaki sahihi moja," alisema.

"Mathe anapofuka, Njoro. Amekataa kupasuliwa mpaka urudi."

Alirudisha simu mfukoni. "Nikirudi sasa, stejini watasema nini? Wacha kitoke. Niende kweli, ndio nije nimwone kama mtu."

Hapo nilimtukana. Nilimtukana yeye, ajenti, mjomba na hao mbuzi tuliochinja. Mwenye shamba lile, Mzee Okoth, aliyekuwa akiuza makaa hatua chache kutoka hapo, akaja polepole huku akipangusa mikono.

"Nyathina, binti yangu, umemaliza?"

"Bado."

"Basi maliza, ndio nami niseme."

Nilitukana mpaka nikakosa pumzi. Yeye akageuza debe tupu, akaliketia.

"Huyu ni mwongo," alisema. "Anapanga kwangu. Kila jioni namsikia kwenye simu akimwambia mama yake huko kuna theluji, na mimi niko hapo mlangoni napepea jiko. Hilo simtetei. Lakini wewe niambie. Siku ile mlipomuaga, kuna mtu hata mmoja alimwambia akikwama arudi?"

Nilitafuta kichwani. Nikakumbuka maombi, hotuba, nyimbo, zawadi ya soksi nzito. Maneno hayo sikuyapata.

"Basi mwambie sasa," alisema mzee.

Mwanangu, hasira ilikuwa haijaisha. Niliyatoa maneno hayo kama mtu anayetema mchanga. "Njoro, twende nyumbani. Hivyo hivyo ulivyo."

Tulitembea mpaka Kawangware. Tulipokaribia 56 akaivuta kofia hadi kwenye nyusi. Nikamvua, nikaitupa ndani ya kikapu cha sukuma. Saluni nzima ikatoa vichwa nje. Makanga mmoja akapiga mluzi. "Niaje Njoro! Majuu kumekuwa aje?"

Nilimhisi kaka yangu akisita. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Sijafika. Bado nangoja kibali."

Makanga alikuwa amejiandaa kwa uongo. "Ah," akasema, "hata mimi nangoja gari ijae."

Nyumbani mama alimshika uso, akaupapasa kutoka kidevuni hadi masikioni. "Umefika lini?"

"Sikuenda, Maitu."

Mikono ya mama ilibaki pale pale masikioni mwake kwa muda mrefu. "Basi hujachoka na safari," alisema. "Nichotee maji nioge. Kesho tuende hospitali."

Njoroge alimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Jicho moja lilipona. La pili lilikuwa limengojeshwa mno.

Vijana wakisikia haya huniuliza kama kibali kilikuja, nami hukasirika upya. Hakikuja. Nchi ile ilifunga mpango wake, waliokuwa kwenye foleni wakaambiwa watajulishwa, na ajenti akahama ofisi. Wanaweza kuichukua ploti ya mtu kwa asubuhi moja, lakini jibu lao likachukua ujana wake wote. Sitawasamehe kwa haraka, na wewe usiwaamini kwa haraka.

Sikukatazi kuomba kibali. Omba, mwanangu, dunia ni pana na una haki ya kuiona. Lakini uliza kwanza watakujibu lini, na wasipojibu utarudishiwa nini. Usikubali kuagwa kabla kibali hakijawa mkononi, hata mjomba akasirike. Ukiwa unangoja, endelea kuishi palepale: panda, oa, rekebisha choo cha wapangaji. Na mwenzako akikwama, mwambie arudi kabla hujamwambia lingine lolote. Matusi unaweza kuyatoa njiani, mkitembea pamoja.

Mungu akupe jibu mapema. Likichelewa, akupe mahali pa kungojea ambapo mama yako anapajua.