Sista Truphena Anyango wa Jericho na Mtoto Aliyefungwa Kamba

Truphena alizaliwa Machi 1953 na kukulia katika mtaa wa Jericho, Nairobi, mtoto wa pili wa Phares Odero, fundi wa reli. Mwaka 1968 alipelekwa shule ya bweni, na huko alikuwa akiongoza darasa. Asubuhi moja, wakati wa maombi, alianguka, mwili ukatetemeka na povu likamtoka. Wasichana walikimbia. Ni mmoja tu, Mukai, aliyebaki akimshika kichwa hadi akazinduka. Siku hiyo hiyo vitanda vilivyokuwa karibu na chake vilihamishwa. Daktari alimwandikia vidonge vya kifafa, na mama yake akamwonya asimwambie mtu, maana hataolewa wala kuajiriwa. Alitii kwa miaka kumi na mitano.

Alisomea uuguzi, na mwaka 1976 akaanza kazi katika zahanati ndogo jirani na kwao, ambako watu wote walimwita Sista. Miaka miwili baadaye kanisa letu nalo likampa huduma ya kupitisha kikombe katika Meza ya Bwana.

Februari 1984, akizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta watoto wa kuchanjwa, alisikia mlio nyumbani kwa Naftaly Kabiru, mzee wa kanisa. Katika chumba cha nyuma alimkuta Jecinta, mtoto wa miaka tisa, amefungwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Sisi tulioimba na Kabiru kila Jumapili hatukujua kwamba ana binti. Truphena aliifungua kamba, akamsihi baba amlete mtoto zahanati. Kabiru alikataa, akisema huyo ana pepo, na kwamba hakuna Mkristo mwenye kifafa.

Jumapili iliyofuata, akiwa na kikombe mkononi, Truphena aliomba ruhusa ya kusema.

"Nimeambiwa hakuna Mkristo mwenye kifafa," alisema. "Mimi ninacho tangu nikiwa shule ya bweni. Nimewapa kikombe hiki miaka sita. Nani kati yenu ameambukizwa kifafa nami?"

Kikombe kilipita safu baada ya safu bila mtu kunywa, na mimi ninayeandika haya nilikipitisha pia, midomo yangu ikiwa imefungwa. Kilipomfikia Kabiru, alikishika kwa mikono miwili. Kisha akanywa.

Kesho yake alimleta Jecinta zahanati, amemshika mkono. Lakini baraza la wazee lilimwondolea Truphena huduma, naye akakaa benchi la nyuma bila kulalamika. Wazazi wengine wakaanza kuwatoa watoto waliokuwa wamewaficha, kutoka nyumba ambazo tulidhani tunazijua. Jecinta, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno, alimwita Truphena kwa jina katikati ya ibada ya Pasaka ya 1985. Wengi wetu tulilia.

Oktoba 1987 Truphena alianguka akiwa peke yake nyumbani, akafariki. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Tuliposafisha chumba chake, kopo lake la vidonge lilikuwa tupu. Akiba ya dawa ya zahanati ilikuwa imekwisha, na mama wawili wakasimulia kwamba Sista aliwapa watoto wao vidonge bila kuwaambia vimetoka wapi; ndipo tukajua vilikuwa vyake mwenyewe.

Kabiru alibeba jeneza upande wa kichwa. Leo anapita nyumba kwa nyumba na Jecinta, akiuliza kama kuna mtoto ndani ambaye hajaonekana. Sisi tuliokataa kikombe na tumfuate huko, tukibisha hodi, tuanzie kwa majirani zetu.