Waliolala Mbali

Tamila Horbenko aliingia mji wa Brzeg, huko Poland, na mkoba mmoja na binti yake Myroslava. Baada ya mwaka Myroslava akapata kazi Ureno, akaenda zake. Tamila akabaki. Mchana alimenya viazi na kuosha masufuria kwenye nyumba ya wazee. Jioni alipanda ngazi hadi chumbani kwake, akala uji wa ngano nyeusi akiwa amesimama, maana kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia uchungu.

Si kwamba hakuwa na wa kumsaidia. Grażyna, aliyewafundisha wageni Kipolandi pale maktabani, alimhangaikia kama ndugu. Alimtafutia chumba, akamtafutia daktari wa meno, na sasa alimshikia bango aombe kibali cha kukaa miaka mitatu, kisha afanye mtihani wa lugha ili arudie ukunga, kazi aliyoifanya nusu ya umri wake kwao Oleshky, Ukraine. Tamila alijibu kila mara kwamba atafikiri.

Miaka mitatu ilimtisha. Aliona kama kuiomba ni kumtupa mumewe, Fedir, aliyezikwa Oleshky kabla ya vita. Kisha bwawa la mtoni lilipobomolewa vitani, maji yaliufunika mji, na mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa jeshi la Urusi. Hakupatikana wa kumwambia kama kaburi bado lipo.

Siku ya Watakatifu Wote ilipokaribia, watu walinunua maua na mishumaa, wakapanga nani aende kaburi gani. Tamila akajiombea zamu siku hiyo. Aende kwa nani?

Alikuwa jikoni Bi Wiesława alipojisukuma mpaka mlangoni kwa kiti chake cha magurudumu. Kikongwe huyu, mmoja wa wazee wa nyumba ile, alikuwa na ulimi mkali, na wafanyakazi walimkwepa.

"Wewe, mwanangu. Vua aproni, unipeleke makaburini."

"Wanao hawaji, bibi?"

"Wako kwa wakwe zao. Wananipenda sana, ila kwa wakwe kuna keki."

Tamila akaomba ruhusa, akamsukuma. Makaburini watu walijaa, na kila kaburi liliwaka. Bi Wiesława hakutaka kusimama popote mpaka walipofika kwenye msalaba mkubwa wa katikati. Chini yake hapakuwa na kaburi, ila mishumaa ilikuwa imetanda ardhi yote. Tamila akauliza ni ya nani.

"Ya waliolala mbali. Baba yangu yuko Sarny, kwenu huko. Homa ya matumbo. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mpaka ukasogezwa, nasi Wapolandi tukapakiwa kwenye treni kuletwa huku, nikiwa na miaka saba. Sijarudi."

Tamila alipigwa na butwaa. Siku zote alimdhani mwenyeji wa tangu na tangu.

"Mlipazoea hapa?"

"Mimi nilipazoea. Mama alikataa. Masanduku yake hakuyafungua, na hata mti wa matunda hakupanda, eti tutaondoka kabla haujazaa. Tukaishi naye hivyo hadi anakufa, kama watu walioko stesheni." Alitoa mishumaa miwili mkobani. "Nilimpenda, lakini hakuwa nasi."

Akampa mshumaa mmoja. "Washa wa mumeo. Na useme naye kwa lugha yenu, Kipolandi chako kinachechemea."

Upepo uliuzima mara mbili kabla haujashika. Tamila alitaka kumwambia Fedir jambo, maneno yakagoma; akalia tu. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Kila mtu alikuwa na wake.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Grażyna, wakalijaza lile ombi la kibali. Jioni akampigia Myroslava.

"Kwa hiyo hurudi tena nyumbani, mama?"

"Nitarudi, Mungu akijalia. Kwa sasa naishi hapa."

Binti akasema anawahi kazini.

Mtihani wa kwanza Tamila aliufeli. Wa pili akapita. Bi Wiesława hakuyaona hayo, alifariki baridi ilipokuwa kali, na wanawe walikuja wote. Leo Tamila ni msaidizi kwenye wodi ya wazazi, akingoja vyeti vyake vikubaliwe. Akina mama humwita kwa jina na humshika mkono uchungu unapowazidi. Jumapili, asipokuwa na zamu, hutembea kandokando ya mto Odra hadi miguu ichoke, na mara nyingi hurudi bila kusema na mtu.