Dawa Aliyoikataa Mwasiti

Shukuru alipozaliwa katika mtaa wa Majengo, muuguzi alimpongeza Mwasiti kwa kupata mvulana. Wiki chache baadaye mtoto alikuwa anatapika, amenyauka. Hospitalini wakasema mwili wake haushiki chumvi, na kwamba ndani ni wa kike. Homoni zilizozidi tangu tumboni ndizo zilizobadilisha umbo la nje. Ilimbidi ameze vidonge maisha yake yote. Majirani walikuja kumtazama, wakarudi kwao wakicheka.

Volkeno ilipolipuka mwaka 2021, Mwasiti alikimbilia mji jirani wa Sake pamoja na mtoto, vidonge amevifunga kwenye kitenge kiunoni. Waliporudi nyumbani, Shukuru alikuwa ameshakua. Alivaa suruali, alinyoa nywele, na aliyemuuliza kama ni binti au kijana alijibiwa, “Mimi ni Shukuru.”

Mwishoni mwa 2024 Mwasiti alipata mimba tena. Dokta Paul, aliyekuwa akimtibu Shukuru, akamweleza kuna dawa ambayo mama huanza kumeza mimba ikiwa bado changa.

“Itamuponesha mutoto?”

“Hapana, mama. Ugonjwa utabaki. Kama ni binti na anao, umbo lake litakuwa la kike. Lakini tunaanza mbele ya kujua kama anao. Na hatujui vizuri dawa itafanya nini kwa akili yake.”

Nyumbani, mumewe Swedi, dereva wa lori la kwenda Bunagana mpakani, hakusita. “Meza tu. Unataka wamucheke na huyu?”

Shukuru alikuwa mlangoni. “Mama, ile dawa ni ya kuzuia mutu kama mimi?”

Mwasiti akaiweka dawa kando. Hakuimeza.

Januari waasi wakaingia mjini. Mabomu yalianguka mtaa wa Katindo, maduka ya dawa yakavunjwa, mpaka ukafungwa. Swedi alikuwa amekwama Bunagana. Vidonge viliisha. Mwasiti alimnywesha Shukuru maji ya chumvi kwa kijiko, hadi koo lilipoacha kumeza.

Waliokuja kuosha maiti waliulizana Shukuru aoshwe na wanaume au wanawake. Mwasiti akawatoa wote nje, akamwosha mwenyewe.

Mtoto wa pili alizaliwa na umbo lilelile. Mkunga akasema, “Mama, sijui niseme ni mutoto gani.”

“Sema ni muzima. Halafu munitafutie dawa.”

Swedi, aliyekuwa amerudi, alimtazama mtoto, akavaa koti, akavuka mpaka, uliokuwa umefunguliwa tena, kwenda Gisenyi. Alirudi jioni na vidonge vichache.