Jani la Sale

Mji wetu wa mlimani ulijengwa na Wazungu waliokuwa wakikimbia joto la pwani. Ulipofanywa makao makuu ya mkoa, ardhi yake ikawa ya kugombaniwa. Mimi nilikuwa huku Johannesburg, mlinzi wa jengo la ghorofa mtaa wa Hillbrow. Baba mdogo akang'oa masale yote, ile mimea tunayopanda kuonyesha mipaka, akajenga gesti kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba.

Mwaka huu alikuja kumtembelea binti yake anayeishi mtaa wa Rosettenville, huku huku Johannesburg, kisha akaja kwangu kuomba msamaha. Kwetu, mtu akikuletea jani la sale huna ruhusa ya kumkatalia. Alilijua hilo, nami nililijua. Lakini alikaa kwenye kochi langu mikono mitupu.

"Baba, sale liko wapi?"

"Wamelichukua uwanja wa ndege, mwanangu. Wanasema majani hayaruhusiwi kuingia nchini."

Nilifurahi, sitasema uongo. Nikammiminia chai taratibu, nikamwekea na sukari.

"Basi rudi nyumbani ukachume lingine," nikamwambia, "kama ulibakisha hata shina moja."