Shuka Lililotangulia Neno

Msusi wa nyumba ya tatu ana yake, na huyasema huku akisuka kichwa cha mteja: kwamba jirani yake, mfua nguo wa hospitali, aliingia wodini na sanda mkononi ilhali mama yake bado anapumua.

"Kama fundi aliyekuja kupima," humalizia, na wateja huguna.

Mfua nguo mwenyewe, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Povu, hakani. Asubuhi hii yumo chumba cha kufulia, vidole vimesinyaa kwa dawa, anasukumiza mashuka kwenye mashine moja. Ya pili ilishagoma. Kwa siku hupita mikononi mwake mashuka kama mia mbili.

"Sanda haikuwa," anasema bila kuinua uso. "Shuka. Hayo mengine ni kweli."

Bi Povu ni mjumbe wa kamati ya maadili ya hospitali. Kamati hiyo hukaa pale madaktari wanapokwama: mgonjwa hawezi kusema, mashine inampumulia, na hakuna ajuaye kama kuendelea ni kumsaidia au kumtesa. Wamo daktari, mwanasheria na mtu wa dini. Ilitakiwa pia sauti ya mtu wa kawaida, na muuguzi mkuu akamtaja yeye, eti anajua kufunga mdomo.

"Mdomo niliufunga kweli," anasema, na kicheko chake hakifiki mbali. "Mikono ndiyo iliyosema."

Maana ana desturi yake, ambayo hakutumwa na mtu, na mtaani wanaijua. Mgonjwa akielekea kuaga dunia, humchagulia shuka lisilo na kiraka wala muhuri wa hospitali, akalipiga pasi, ili asiondoke na chapa kama gunia. Humpa muuguzi baada ya ndugu kuambiwa.

Ilipoletwa kwenye kamati habari ya mama wa msusi, aliyekuwa akipumuliwa na mashine, Bi Povu alisema huyu ni jirani yangu. Wakamwambia abaki, ila asikilize tu. Basi yeye, aliyeanika nguo kamba moja na mama huyo miaka nenda rudi, akasikiliza.

Kamati haikuamua mashine izimwe. Ilishauri daktari akae na binti, amweleze, amuulize. Bi Povu alitoka kikaoni moja kwa moja hadi kwenye pasi. Alidhani daktari keshamaliza. Kumbe daktari alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji. Wodini akamkuta msusi anampaka mama yake mafuta miguuni.

"Hilo la nani, jirani?"

Bi Povu akalibana shuka kwapani. Msusi akalitazama shuka, akamtazama mama yake, kisha akamvutia blanketi hadi kidevuni, kana kwamba anamficha. Daktari alipofika hakusikilizwa. Mmeshaamua, aliambiwa, sasa mnaniuliza nini? Mama akakaa kwenye mashine wiki tano zaidi, vidonda vikamfumuka mgongoni, akafariki hivyo hivyo.

"Mashuka yake yalikuja hapa," Bi Povu anasema. "Niliyajua."

Mwenyekiti alimwambia ni makosa ya kibinadamu, aendelee. Lakini tangu hapo huzungukia uchochoroni asipite mlangoni kwa msusi. Kikao kijacho alipanga kuomba jambo moja: ndugu wa mgonjwa awe anaingizwa mle ndani, apewe kiti, asikie kwa masikio yake.

Juzi alijikaza akaenda. Msusi alimsogezea kigoda, asimwangalie. Bi Povu akaomba radhi mpaka mwisho, na hakukatizwa. Mteja akajifanya anasinzia.

"Nimekusikia, dada," msusi akasema mwishowe. "Na mimi nina ombi. Najua mmekula kiapo, siri zenu sizitaki. Niambie hili tu. Mle ndani, kuna hata mmoja aliyeuliza mama alikuwa anataka nini?"

Bi Povu alitazama sakafu, nywele zilizokatika zimemzunguka miguu.

Kwa kikao kijacho sasa ana la pili la kuomba: swali hilo liulizwe kwanza.